Mbio za Mikono Mitupu

Sijawahi kupenda kukimbia, na nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani anasimuliwa na mwanariadha. Miaka ya sabini ikianza, nilipelekwa kufundisha jiografia katika shule ya wasichana iliyokuwa milimani, juu kidogo ya Wundanyi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko walimu wote, mwalimu mkuu alinikabidhi na michezo pia. Hakuniuliza kama naweza. Alinitazama miguu, akaona ni miwili, akatosheka.

Mimi ni mtoto wa Voi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na nilikulia katika nyumba za reli, mahali ambapo ardhi imelala na mtu huenda dukani akarudi bila kuhema. Kwa damu ni Mdawida, yaani Mtaita, kama watu wa juu, lakini miguu yangu ilikuwa ya tambarare, na milima iliijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikipanda ngazi za kwenda bwenini nasimama katikati, najifanya natazama mandhari. Wasichana walipita na ndoo za maji kichwani wakinisalimu kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Kiwanja cha shule kilikuwa ukanda mwembamba uliochongwa ubavuni mwa mlima. Mpira ukipigwa vibaya uliteremka bondeni, na aliyetumwa kuufuata alirudi wenzake wameshaoga. Kukimbia humo kwa kuzunguka kulitia kizunguzungu. Basi nikaambiwa nitafute njia za kukimbilia nje ya shule, maana mwalimu mkuu alitaka tushiriki mbio za nyika za wilaya, na alitaka kila msichana akimbie kwa kiasi chake, mwenye nguvu na asiye nazo.

Nilizitembea njia hizo mwenyewe kwa majuma kadhaa, jioni baada ya masomo, na raba nilizokuwa nimenunua Voi zikachanika pembeni kabla sijamaliza. Mwishowe nikapata njia tatu. Ya kwanza tuliiita ya mfereji. Watu wa huko wamechimba mifereji ya kupeleka maji mashambani, na kwa kuwa maji hayapandi, ukingo wa mfereji ndio mahali pekee palipo sawa katika upande ule wote. Ya pili ilizunguka mgongo wa mlima, ikapita katikati ya nyumba za watu hadi kwenye kona moja yenye mwamba, kisha ikarudi kwa upande wa kanisa. Ya tatu ilishuka moja kwa moja kwa kijia cha miguu kinachozikata kona za barabara ya magari, ikaigusa barabara ya chini, halafu ikapanda tena. Hiyo sikuimaliza hata siku moja bila kukaa chini.

Mwanzoni nilizigawa kinyume. Niliitazama ile ya kushuka nikafikiri, mtu anashuka tu, kuna kazi gani hapo, nikawapa wasichana wenye vifua vibovu na vyeti vya zahanati. Walirudi giza likiingia, wakikokotana, na mpishi ameshafunika sufuria. Mmoja wao akaniuliza kwa adabu kama kwetu Voi watu wakishuka hawarudi. Kesho yake niliwahamishia mfereji, pamoja na wavivu wachache waliokuwa na vyeti nisivyoviamini, na nikawapa njia ya bondeni wale wenye mapafu. Njia ya kona ikawa ya wengi.

Siku ya kwanza ya njia ya kona wasichana walitoka langoni kwa kundi, wamevaa kaptura za michezo na mikono yao mitupu, na mimi nikafuata nyuma nikihema. Tulipofika nyumba za kwanza niliona wanawake wakiweka majembe chini. Walifunga leso zao viunoni wakaanza kutufuata. Nilidhani wanapenda michezo. Mzee mmoja alivua kofia tulipompita, nami nikampungia mkono, nikamwona anashangaa. Tulipopita kanisani, msururu wa wanawake nyuma yetu ulikuwa mrefu kuliko wa wasichana, na hakuna aliyekuwa akicheka wala kusema neno.

Langoni, mama mmoja wa makamo, udongo umemfika kwenye viwiko, alipenya akamshika mkono msichana wangu wa mbele.

"Ni yeye?" akauliza.

Msichana hakujua ni nani huyo anayeuliziwa. Alinitazama mimi, na mimi sikujua pia. Ndipo mpishi wetu, aliyekuwa mtu wa palepale, akanivuta kando akanieleza. Kule juu mtu mzima hapiti mbio katika nyumba za watu hana kitu mkononi. Anayekwenda shamba ana jembe, anayetoka mtoni ana ndoo, na hata anayekwenda kutembea tu huwa na kiondo. Anayekimbia mikono mitupu anapeleka habari ya msiba, na ustaarabu ni kuacha ulichokuwa ukifanya na kumfuata hadi anakokwenda, ili wenye msiba wasiipokee habari peke yao. Sisi tulikuwa tumewapitishia vifo arobaini kwa jioni moja.

Na yule mama alikuwa na sababu yake mwenyewe. Alikuwa akikaa pale penye kona, nyumba ya mwisho kabla ya mwamba. Mume wake alikuwa mpakizi bandarini Mombasa, na magunia yalimporomokea mgongoni. Alikuwa amelala hospitali huko tangu kabla ya mavuno ya nyuma. Simu pekee ya upande ule ilikuwa katika ofisi ya shule yetu, na mpwa wake aliyekuwa Mombasa alikuwa ameahidi kwamba likitokea lolote atapiga hapo. Kwa hiyo mtu akitoka upande wa shule anakimbia, yule mama hakuwa na haja ya kuuliza anakwenda kwa nani.

Nilimwambia ni michezo tu. Akaketi pale pale langoni, akajipangusa uso kwa leso, akabaki na udongo mashavuni. Niliona aibu sana, na kwa kuwa nikiona aibu hukasirika, nikawakemea wasichana waende kuoga.

Kesho yake alirudi amevaa vizuri, akaomba kuonana na mwalimu mkuu na mimi. Nilijua anakuja kutukataza, na kusema kweli moyo wangu ulifurahi, maana ningepata udhuru wa kuacha kukimbia. Lakini hakutukataza. Alisema watoto wa shule lazima wanyooshe miguu, hilo analielewa, ombi lake ni dogo.

"Wakimbie, lakini wabebe kitu," alisema. "Hata kuni moja. Mtu mwenye kuni haji na msiba."

Ndivyo tulivyokuwa shule pekee ninayoijua ambayo wasichana wake walifanya mazoezi ya mbio na kuni mikononi. Kila mmoja alitoka na kijiti kimoja na kurudi nacho, na baada ya muda wakaanza kurudi na viwili au vitatu, maana mpishi alikuwa akiwapa chai ya ziada kwa hesabu ya kuni. Mwalimu mkuu alinipongeza mbele ya walimu kwa kuipunguzia shule gharama ya jikoni. Tulipokwenda kwenye mashindano, wasichana wangu walikimbia bila kuni na hawakujua la kufanya na mikono yao. Wengine waliibana kifuani, wengine waliiacha ining'inie. Mwamuzi aliniuliza ni mtindo gani ule na nani aliyewafundisha. Nilimwambia simjui. Hatukushinda, lakini hatukuwa wa mwisho.

Watu wa njiani walituzoea. Mimi nilimzoea yule mama wa kona, kwa sababu rahisi kwamba pumzi yangu iliishia nyumbani kwake. Wasichana walipita, mimi nikabaki nimekaa kwenye jiwe lake, yeye akaniletea maji, siku nyingine kimanga kilichobaki mchana, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, nami nikala bila kukataa hata kidogo. Nilikuwa na vipindi asubuhi hadi mchana, na madaftari usiku, na zamu ya bweni, na katikati ya hayo yote mbio. Nilikuwa nimechoka uchovu wa kijana, ule wa kulala umevaa viatu.

Yeye alichoka vingine. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, kwa hiyo shamba lile lote la matuta, ambalo ukisimama juu yake unaona paa la nyumba chini ya miguu yako, alililima peke yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa kukatiwa majani. Asubuhi alikwenda kwenye mfereji zamu yake ya maji ilipofika, na gari lolote lililopanda kutoka chini alisimama akalisikiliza mpaka aseme limepita. Wakati mwingine tulikuwa tunazungumza, akanyamaza katikati ya neno, akageuza shingo. Kisha akaendelea palepale alipoachia. Aliniambia siku moja kwamba kungoja ni kazi, mwalimu, ila ukimaliza siku huna cha kuonyesha. Alisema hivyo huku akichambua maharage, bila kujihurumia. Nilimjibu Mungu atasaidia, kwa sababu sikuwa na jingine, na nikaona ameshasikia jibu hilo mara nyingi.

Siku ambayo simu ililia ilikuwa siku ya masomo, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa darasani nikifundisha mvua. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akanieleza kwa haraka. Ni yule mpwa. Mjomba wake ameruhusiwa kutoka hospitali asubuhi ile, hawana tena la kumfanyia. Yuko hai, lakini hawezi kusimama bila kushikwa. Yeye mpwa hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo amempakia kwenye basi la kwenda Voi na kumkabidhi kwa utingo. Watamshusha Voi jioni. Awepo mtu stendi wa kumpokea. Halafu laini ikakatika kama kawaida yake, na walipojaribu kupiga stesheni ya Voi ili baba yangu aambiwe, haikushika.

Basi la mwisho la kuteremka Wundanyi kwenda Voi lilikuwa karibu kuondoka. Nilimfikiria yule mzee ameketishwa chini pembeni mwa barabara kuu na mzigo wake, malori yanapita, giza linaingia, na hakuna amjuaye. Nikawachagua wasichana wawili wenye mbio kuliko wote, nikawaambia wakimbie kwa mama wa kona, wamwambie mumewe anakuja leo, apande basi sasa hivi, na mimi nawafuata nyuma. Walitoka kama walivyokuwa, sare za shule na mikono mitupu. Hakuna aliyekumbuka, si wao, si mimi, si mwalimu mkuu. Kuni zilikuwa za jioni, na hii haikuwa jioni.

Nilivisikia vilio kabla sijaiona nyumba.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu wale wale waliokuwa wakitutazama kila siku tukipita, wakaendelea kupalilia, siku ile walikuwa wameacha kila kitu na kufuata. Wanawake walikuwa wameshika vichwa, mwingine ameanza kutoa viti nje, kijana ametumwa kumwita mzee wa kanisa. Wasichana wangu wawili walikuwa wamesimama ukutani wakilia na wao. Baadaye waliniambia walijaribu kusema, lakini kila walipofungua mdomo walikumbatiwa. Nilipaza sauti nikasema yuko hai. Mama mmoja akanishika bega, akaniambia taratibu kwamba mauti hayafanyiwi mchezo, mwalimu, kaa.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele. Yeye hakuwa akilia. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono, nikamweleza yote kama nilivyoambiwa, basi la kutoka Mombasa, utingo, stendi ya Voi, jioni hii. Alinitazama muda. Nilidhani hajasikia, nikaanza upya.

"Nimesikia," akasema.

Upande wa mjini, honi ya basi ikalia, ile ndefu ya kuondoka. Sote tuliijua. Barabara ya magari kule huteremka kwa kujizungusha, kona baada ya kona, na gari huchukua muda kufika chini kabisa, lakini kijia cha miguu kinashuka moja kwa moja. Ilikuwa ile njia yangu ya tatu, ya wenye mapafu. Yule mama aliinuka, akafunga leso kiunoni, akaingia kwenye migomba pembeni ya nyumba, akaanza kuteremka mbio.

Nilimfuata, kwa kuwa niliijua Voi na yeye hakuijua vizuri, na nilitaka kupanda naye basi nimfikishe. Kwa nusu ya kwanza nilimwona. Alikuwa mama wa makamo, peku, na alikimbia akiegemea nyuma kidogo kama watu wa kule wanavyoshuka na mzigo, ila hakuwa na mzigo. Mawe yalibingirika mbele yake. Mimi nilianguka mara moja kwa makalio, nikainuka, nikaanguka tena kwa magoti, na mara ya pili magoti yalikataa. Sijui kueleza vizuri. Niliyaambia yanyooke yakatetemeka tu. Nikaketi kwenye nyasi nikaona hasira, nikawachukia mwalimu mkuu, na simu, na mtu aliyeamua watu wakae milimani, na miguu yangu niliyopewa Voi.

Kutoka pale nilikuwa naiona barabara ya chini. Basi lilikuwa limetokeza kwenye kona, linarusha vumbi. Kisha nikamwona yeye, mdogo kabisa, anatoka kwenye kichaka na kusimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu. Dereva akapiga honi. Hakusogea. Basi likasimama karibu naye sana, likakaa pale kitambo, nadhani walikuwa wanamgombeza, halafu likaondoka na barabarani hakukuwa na mtu. Nilianza kupanda kurudi. Ilinichukua jioni nzima.

Alimkuta. Kesho yake walipanda na basi la asubuhi, na vijana wa kanisa wakambeba mzee kwa kiti kutoka barabarani hadi kwenye kona. Wale waliokuwa wametoa viti kwa msiba walivikalia kwa chai. Walicheka sana, wakaniigiza nikipaza sauti uani na hakuna anayenisikia, na mimi nikacheka, maana kweli ilichekesha. Mwalimu mkuu aliweka sheria kwamba anayetumwa nje ya shule, kwa habari njema au mbaya, apitie kwanza jikoni achukue kuni.

Mzee hakusimama tena. Alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, mwenye sauti, na sauti haikuumia. Mkewe alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, akamtoa nje jua likitoka na kumrudisha ukungu ukishuka, na bado shamba lilikuwa pale pale na ng'ombe pale pale na zamu ya maji haikumsubiri. Niliendelea kukaa kwenye lile jiwe jioni. Sikuleta tena maneno ya Mungu atasaidia. Siku nyingine nilimsaidia kukata majani, vibaya, akayapanga upya.

Mvua ndefu zilikuwa zimekwisha siku aliyoniambia. Wasichana walikuwa wamepita na kuni zao, na tulikuwa tumekaa wawili tu, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye jiwe. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Siku ile wale watoto walipotokea hapo mikono mitupu, mimi nilijua ameshakufa. Unajua nilisikia nini ya kwanza, mwalimu?"

Nilimwambia uchungu.

"Nilisikia nimepumzika. Mwili wote. Nikakaa pale ukutani nikasema, basi, imekwisha. Watu walikuwa wanalia, mimi napumzika. Halafu ukaja ukaniambia yuko hai."

Nikatazama mikono yake.

"Ndiyo nikakimbia vile," akasema. "Watu wanasema nilikimbia juu ya mapenzi. Nilikuwa nataka hiyo kitu initoke kabla hajaniona uso."

Nilimuuliza kama ilimtoka. Alisema ilimtoka kabisa pale Voi, alipomwona amekaa chini ameegemea gurudumu la mkokoteni wa mtu, anatazama kila mwanamke anayepita. Alisema hajawahi kumpenda mtu kama alivyompenda saa ile. Ilikaa mbali mwezi mzima. Sasa huwa inarudi, hasa asubuhi, kabla hajainuka kitandani, yeye akiwa macho na mzee bado hajaamka kuita.

Mzee akaita kutoka ndani. Alitaka kugeuzwa. Yule mama alifumba macho, si kwa muda mrefu, na nikaona uso wake unapangwa upya, mdomo kwanza, halafu macho.

"Nakuja, baba," akaitikia kwa sauti nzuri, akaingia ndani.